Farasi wa Mchanga Wenye Nta: Jinsi ya Kumtafuta Mshindi Kabla Vizimba Havijafunguka

Saa 2 usiku mjini Mtwara, vibanda vya kubeti karibu na stendi vimejaa, na mara nyingi skrini mbili zinaonyesha farasi. Ya kwanza ni ya farasi wa kompyuta: mbio mpya kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Ya pili, ikiwapo, inatoka Wolverhampton au Kempton, Uingereza, ambako ni saa 11 jioni, giza la Januari limeshaingia na taa zimewashwa juu ya njia ya mchanga.

Mwongozo huu ni wa skrini ya pili tu. Ile ya kwanza haina cha kuchambua. Matokeo yake yanatoka kwenye programu inayochagua namba kwa bahati, na namba 4 aliyeshinda sasa hivi hana uhusiano wowote na namba 4 wa mbio ijayo. Anayekaa na kalamu akihesabu "namba ipi haijatoka muda mrefu" anapoteza wino. Ukitaka kuzitofautisha, angalia kama kuna jina la uwanja ulio kweli duniani, saa moja maalumu ya kuanza, jina la mkufunzi na la joki (mpanda farasi), na historia ya farasi unayoweza kuifuatilia mwenyewe mtandaoni. Kimojawapo kikikosekana, funga daftari.

MCHANGA WENYEWE KWANZA

Nenda ufukwe wa Shangani maji yakiwa yamekupwa. Tembea juu, kwenye mchanga mkavu: mguu unazama, unachoka upesi. Shuka pale mchanga ulipolowa ukashikana: mguu unasimama, unaweza kukimbia. Njia hizi za farasi zimetengenezwa ziwe kama ule mchanga wa chini mwaka mzima, ila kazi ya maji inafanywa na nta. Ni mchanga laini uliochanganywa na nyuzi za plastiki, kisha kila chembe ikapakwa nta. Mvua inapita na kuzama chini, mbio zinaendelea. Ndiyo maana Waingereza huziita njia za hali zote za hewa. Sisi tutaziita njia za mchanga.

Uingereza ina viwanja sita vya aina hii: Lingfield, kilichoanza 1989, pamoja na Wolverhampton, Southwell, Kempton, Chelmsford City na Newcastle. Ireland ina Dundalk. Mchanga wao si mmoja. Lingfield, Kempton, Chelmsford na Dundalk wanatumia mchanga wa chapa ya Polytrack. Wolverhampton (tangu 2014), Newcastle (tangu 2016) na Southwell (tangu Desemba 2021) wanatumia ule wa chapa ya Tapeta. Hilo la Southwell likumbuke, kwa sababu kabla ya hapo palikuwa na mchanga mzito wa aina nyingine kabisa, uliokuwa ukiwachosha farasi na kuwapenda wachache wenye nguvu. Rekodi ya Southwell ya kabla ya Desemba 2021 haikwambii kitu kuhusu Southwell ya leo. Ifute kwenye hesabu zako hata kama kadi bado inamwandikia farasi kwamba amewahi kushinda pale.

HATUA YA 1: PATA KADI MAPEMA, NA UIANDIKE UPYA

Kadi ya mbio ni orodha ya farasi, uzito, namba za vizimba (vile vyumba vyembamba ambamo farasi hufungiwa kabla ya kuanza) na rekodi. Kwa mbio zisizo na vizuizi vya kuruka, Uingereza inafunga majina saa 48 kabla, asubuhi ya saa 4 kwa saa zao. Maana yake mbio za Jumamosi usiku unaweza kuanza kuzichambua tangu Alhamisi alasiri, bure mtandaoni, bila kusubiri karatasi ya kibandani ambayo kwa kawaida ina majina na odds peke yake, yaani namba ya mara ngapi utalipwa ulichoweka.

Usiisomee kwenye simu. Nunua kaunta buku, piga mistari, na kwa kila farasi andika: kizimba, mtindo wake wa kukimbia, kiwango, uzito, mbio tatu za mwisho alizokimbia kwenye mchanga, na safu moja tupu ya mwisho. Safu tupu ndiyo ya bei yako, tutaifikia. Mbio moja ya farasi saba au nane inakula dakika 30 hadi 40 mkono ukishazoea. Usiku mmoja una mbio saba au nane, chagua mbili. Anayechambua zote nane anachambua mbili na kubahatisha sita.

Kuhusu saa: majira ya baridi Mtwara iko mbele ya Uingereza kwa saa 3. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti inakuwa saa 2. Wengi hukosa mbio ya kwanza kila Machi kwa sababu hii.

HATUA YA 2: IJUE MBIO KABLA YA KUMJUA FARASI

Juu ya kadi kuna mambo matatu.

La kwanza ni daraja. Mbio zimepangwa kuanzia daraja la 1, la juu kabisa, kushuka chini. Usiku wa kawaida wa mchanga wakati wa baridi umejaa daraja la 5 na la 6, farasi wa kawaida wanaokutana wao kwa wao kila wiki. Usizidharau. Farasi anayekimbia mara 15 kwa mwaka kwenye njia zilezile anaacha nyayo nyingi za kusoma kuliko farasi wa bei mbaya aliyekimbia mara mbili.

La pili ni kama ni mbio ya handikapu. Hapa kila farasi ana kiwango rasmi, na mwenye kiwango kikubwa anabebeshwa uzito zaidi ili, kwa nadharia, wote wafike pamoja. Ukiona "0-60" jua imepangwa kwa farasi wa kiwango cha hadi 60. Kwa anayeanza, handikapu ni rahisi kuchambua kuliko mbio za farasi wachanga ambao hawajawahi kushinda, maana kule nusu ya kundi halina rekodi na unabaki kubahatisha kwa jina la mkufunzi.

La tatu ni umbali. Falongi moja ni mita 201, maili moja ni falongi 8. Farasi wa falongi 5 na farasi wa maili moja na nusu ni viumbe wawili tofauti, kama mkimbiaji wa mita 100 na wa mita 5,000.

HATUA YA 3: CHORA KONA

Hapa ndipo mbio nyingi za mchanga zinaamuliwa, na ndipo wabetiji wengi hawaangalii kabisa.

Fikiria bodaboda mbili zinaingia kipilefti pamoja, moja imebana ukingo wa ndani, nyingine iko nje yake. Zikitoka upande wa pili sambamba, ya nje imekwenda safari ndefu zaidi. Farasi ni hivyohivyo, na hesabu yake ni ya shule: kwenye kona ya nusu duara, kila mita 1 unayokaa nje ya ukingo inakuongezea mita 3.14. Ukikaa mita 2 nje umekimbia mita 6.28 za ziada. Urefu wa farasi mmoja, kipimo wanachotumia kutenganisha washindi, ni karibu mita 2.4. Kwa hiyo farasi aliyezunguka kona nzima mita 2 nje akafika nyuma ya mshindi kwa urefu wa farasi 2, kwa mita alizokimbia hakushindwa. Matokeo yaliyochapwa yatasema "wa tatu" na kunyamaza.

Namba ya kizimba inakwambia anaanzia wapi. Kizimba cha 1 kiko upande wa ukingo wa ndani. Lakini kizimba peke yake ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mtindo wa farasi: je, huruka mbele mara moja, hukaa wa tatu au wa nne, au huvizia nyuma mpaka mwisho? Soma maelezo ya mbio zake tatu zilizopita, au tazama video, na uandike M (mbele), K (kati) au N (nyuma). Kizimba cha 1 kwa farasi mzito wa kutoka si bahati. Atafunikwa, atabanwa ukingoni nyuma ya ukuta wa matako, na mchanga unaorushwa na kwato za mbele utampiga usoni njia nzima. Wapo farasi wasioustahimili kabisa. Wanainua kichwa na kukata tamaa.

Tuchukue mbio ya mfano, majina ya kubuni. Wolverhampton, falongi 6, handikapu ya daraja la 6, farasi saba:

Kizimba 1, Chaza, N
Kizimba 2, Kusi, M
Kizimba 3, Tandu, N
Kizimba 4, Pweza, K
Kizimba 5, Ngalawa, K
Kizimba 6, Mbuyu, N
Kizimba 7, Kaskazi, M

Wanaopenda kuongoza ni wawili tu, Kusi na Kaskazi. Kusi yuko ndani. Kaskazi ana njia mbili, zote mbaya: atumie nguvu kubwa mwanzoni ili amkate Kusi kabla ya kona, au azunguke kona yote nje yake. Chaza atanaswa. Tayari, bila kuangalia nani alishinda lini, una picha ya mita 600 za mwanzo.

Sasa weka umbo la uwanja. Wolverhampton inazunguka kushoto na sehemu yake iliyonyooka ya mwisho ni fupi. Farasi wa kuvizia ana nafasi ndogo ya kumkamata aliye mbele. Chelmsford pia mara nyingi humsaidia anayeongoza mbio fupi. Lingfield ina mteremko kuelekea kona ya mwisho, na mbio ndefu za pale mara nyingi huenda polepole halafu wote wanafyatuka pamoja, hivyo aliye nyuma sana anaachwa hata akiwa na mbio kali. Kempton peke yake inazunguka kulia, na falongi 5 zake pamoja na maili moja na robo hukimbiwa kwenye mzunguko wa ndani wenye kona kali zaidi, kwa hiyo vizimba vya ndani vina thamani. Newcastle ina mbio za hadi maili moja kwenye njia iliyonyooka kabisa. Hakuna kona, na ule mwisho wa kupanda unawaumbua waliojimaliza mapema. Southwell hukimbiza falongi 5 kwenye mstari mnyoofu, mbali zaidi ya hapo kuna kona.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuhamisha ushindi wa Newcastle kwenda Wolverhampton kana kwamba ni uwanja mmoja. Mchanga ni wa aina moja kweli, lakini aliyetoka nyuma akapita watu kwenye mstari mrefu wa kupanda anaingia kwenye duara lenye kona na mwisho mfupi. Tandu wetu alishinda wiki iliyopita, Newcastle, akitoka nyuma. Ukikumbuka hilo tu, umeshapata sababu ya kusita mahali ambapo kibanda kizima kinakimbilia.

HATUA YA 4: SOMA REKODI KWA JICHO LA MCHANGA

Namba mbele ya jina, kwa mfano 40-312, zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia: ya mwisho kulia ndiyo mbio ya karibuni. 0 ni nafasi ya kumi au zaidi. Kistari kinatenganisha misimu. C maana yake amewahi kushinda kwenye uwanja huu, D kwenye umbali huu, CD vyote viwili kwa pamoja, BF alishindwa mara ya mwisho akiwa ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote.

Chukua kalamu ukate mbio zote za majani, yaani zilizokimbiwa kwenye viwanja vya nyasi. Hazikosi maana kabisa, ila zinakuja mwisho. Farasi aliyekuwa wa 8, wa 9 na wa 7 kwenye majani yenye tope mwezi wa Oktoba, akirudi kwenye mchanga alioushinda mara mbili msimu uliopita, ni farasi mpya, na mara nyingi kiwango chake rasmi kimeshushwa kwa sababu ya vile vipigo vya topeni. Huyu ndiye samaki mnono wa miezi ya Novemba na Desemba. Wenye haraka wanaona 897 na kumruka.

Ukiweza kupata muda wa vipande vya mbio, kuna hesabu moja fupi yenye faida kubwa. Mbio ya falongi 6 imekwisha kwa sekunde 72. Falongi 2 za mwisho ni theluthi ya umbali, hivyo kwa mwendo sawasawa zingechukua sekunde 24. Farasi wako alizikimbia kwa 23.6. Gawanya 24 kwa 23.6, unapata asilimia 101.7: mwisho ulikuwa wa kasi kuliko wastani wa mbio nzima. Ikiwa mshindi aliongoza mwanzo hadi mwisho na asilimia iko juu hivyo, aliachiwa aende polepole, akajiwekea akiba. Usimhesabie ushindi ule wote. Asilimia ikishuka chini kabisa ya 100, mbio zilianza kwa fujo, waliokuwa mbele walichoka, na aliyekuja kutoka nyuma alipewa zawadi. Anayestahili sifa siku kama hiyo ni aliyekuwa mbele kwenye fujo na bado akafika wa pili au wa tatu.

Hali ya njia kadi itaandika "Standard" mara nyingi, yaani ya kawaida, au itataja kwamba ni ya polepole kidogo. Nta hulainika kwa joto na kukaza kwa baridi, na mchanga hutifuliwa kwa haro ili usishikane. Kwa daraja hizi, hapa pasikupotezee muda mwingi.

HATUA YA 5: UZITO, KWA HESABU NA SI KWA HISIA

Uzito huandikwa kwa stone na pauni. Stone moja ni pauni 14, hivyo 9-7 ni pauni 133, kama kilo 60, joki na tandiko pamoja. Ili kulinganisha farasi wawili waliokutana, badilisha urefu wa farasi kuwa pauni. Kwa makadirio yanayotumika sana, urefu mmoja ni sawa na pauni 3 kwenye falongi 5, pauni 2.5 kwenye falongi 6, pauni 2 kwenye maili moja, na pauni 1 ukifika maili mbili.

Wiki tatu zilizopita, uwanja huuhuu na umbali huuhuu, Pweza alimtangulia Kusi kwa urefu 2 wakiwa na uzito sawa. Mbili mara 2.5 ni pauni 5. Leo Pweza amebebeshwa pauni 3 zaidi ya Kusi. Kwa karatasi, Pweza bado ana pauni 2 za juu, hazifiki hata urefu mmoja. Lakini video inaonyesha siku ile Kusi alitoka kizimba cha 8 na kuzunguka kona yote karibu mita 2 nje. Ule urefu 2 na nusu wa kona ni zaidi ya pauni 6. Kusi anatoka nyuma kwa pauni 2 na kwenda mbele kwa pauni 4. Ukipenda kuwa mwangalifu, toa nusu ya hiyo faida ya kona, maana jicho hukosea umbali kwenye video. Hata hivyo bado Kusi yuko mbele.

Mshindi wa karibuni ambaye kiwango chake hakijapangwa upya huongezewa pauni za adhabu, nazo zimeandikwa kwenye kadi. Viwango hutolewa upya kila Jumanne. Joki mwanafunzi hupunguziwa uzito: pauni 7 mpaka afikishe ushindi 20, pauni 5 mpaka 50, pauni 3 mpaka 95. Pauni 7 ni karibu urefu 3 kwenye falongi 6, na watu huzishangilia, ila joki mchanga ndiye pia anayekwama ukingoni. Mpe thamani kwenye farasi wa kuongoza, ambaye hahitaji akili ya kupenya. Chaza, anayetoka polepole kizimba cha 1 akiwa na mwanafunzi mgongoni, ni mahali pabaya pa kutumia punguzo hilo.

HATUA YA 6: WATU NA VIFAA

Kwa kifupi. Herufi b ni vifuniko vya pembeni mwa macho, p ni manyoya ya mashavuni, v inafanana na b ila ina upenyo, h ni kofia ya masikio, t ni ulimi kufungwa. Namba 1 pembeni ya herufi maana yake ni mara ya kwanza. Mara ya kwanza kwa b inaweza kumfyatua farasi mvivu mbele, kwa hiyo rudi Hatua ya 3 uone kama inabadilisha picha ya nani ataongoza. Namba ndogo karibu na jina ni siku alizopumzika. Mbuyu amepumzika siku 120. Siku 14 hadi 30 ndizo zinazotia moyo kwa farasi wa daraja hili. Ngalawa anakanyaga mchanga kwa mara ya kwanza. Si dhambi, ila halipwi kwa ahadi. Jina kubwa la joki limeshaingizwa kwenye odds kabla hujaamka, usilihesabu mara mbili.

HATUA YA 7: ANDIKA BEI YAKO KABLA HUJAONA YA KIBANDA

Mkulima wa Tandahimba anayeujua ubora wa korosho zake ghalani haendi mnadani kusikiliza tu. Ana bei kichwani, chini ya hapo anatikisa kichwa. Safu tupu ya daftari ndiyo bei hiyo. Gawa asilimia 100 kwa farasi wote, halafu gawanya 100 kwa kila asilimia upate odds zako. Mgawanyo wetu, na pembeni odds za kibandani:

Kusi 28, bei yetu 3.57, kibandani 4.5
Tandu 20, bei yetu 5.0, kibandani 2.75
Pweza 18, bei yetu 5.56, kibandani 5.5
Kaskazi 12, bei yetu 8.33, kibandani 9
Chaza 10, bei yetu 10, kibandani 8
Ngalawa 7, bei yetu 14.3, kibandani 15
Mbuyu 5, bei yetu 20, kibandani 26

Ukikuta odds za sehemu kama 7/2, gawanya kisha ongeza 1: ni 4.5.

Jumlisha sasa 100 gawanya kwa kila odds ya kibandani. Inakuja karibu 111. Hiyo 11 ya juu ni ya mwenye duka, na ndiyo sababu kuchagua farasi mzuri pekee hakutoshi. Lazima awe na bei kubwa kuliko anavyostahili. Tandu si farasi mbaya. Anaweza kushinda usiku huu, na mara moja kati ya tano tumekubali kwamba atashinda. Ila 2.75 inadai ashinde zaidi ya mara moja kati ya tatu. Kusi analipa 4.5 kwa kitu tunachokithamini 3.57, na ndiye pekee mwenye pengo la kueleweka. Mbuyu ana pengo pia kwenye karatasi, lakini asilimia 5 ni kisio la kidole; ukikosea kwa 2 tu pengo limekwisha. Chini ya asilimia 10 usiamini pengo.

HATUA YA 8: NUSU SAA YA MWISHO

Angalia waliojitoa. Kaskazi akijitoa, Kusi anaachiwa ukingo na kasi anayotaka, mpandishe. Mbio ikibaki na farasi wanne, mchoro wote wa Hatua ya 3 uchore upya. Jua pia kwamba farasi akijitoa baada ya wewe kuweka, malipo ya waliobaki hukatwa kwa kiwango kulingana na odds zake. Odds za Kusi zikishuka mpaka 3.4, bei imekwenda. Acha. Hapa ndipo mkono unapowasha kuliko hatua zote, kwa sababu umeshamfanyia kazi dakika 40.

Kiasi: asilimia 1 ya fungu ulilolitenga kwa jambo hili, si ya mshahara wala ya malipo ya korosho yaliyoingia juzi. Mwenye fungu la shilingi 50,000 anaweka 500. Hata anayepewa nafasi kubwa hushinda karibu mara moja kati ya tatu tu, kwa hiyo kukosa mara sita au saba mfululizo ni jambo la kila mwezi. Mbio 50 za kwanza ziandike bila kuweka senti. Duka liwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, aliye chini ya miaka 18 abaki nje, na soma kwenye tiketi kodi inayokatwa kwenye ushindi, maana inapunguza ile 4.5 yako.

Halafu mkeka, tiketi moja yenye chaguo kadhaa ambazo zote lazima zishinde. Farasi wanne wa mbio nne, kila mmoja na asilimia 30 za kushinda, wote kutiki ni asilimia 0.81. Na ile 11 ya mwenye duka haijumlishwi mara nne, inazidishwa: 1.11 mara nne ni 1.52. Umemwachia nusu nzima juu ya bei halali. Mkeka wa farasi unachanika upesi kuliko wa mpira, ambako angalau timu ya nyumbani pale Nangwanda Sijaona inapambana na mpinzani mmoja, si kumi.

BAADA YA MBIO

Kabla ya kuangalia mbio inayofuata, tazama marudio mara mbili: mara ya kwanza kona, mara ya pili mita 300 za mwisho. Andika mistari miwili kwa kila farasi aliyekimbia njia ndefu au aliyefungiwa, hata kama hukumweka. Andika hivi: "Kaskazi, Wolverhampton, falongi 6, kizimba 7, alizunguka mita 2 nje, wa nne kwa urefu 2 na robo. Akipata kizimba 1 hadi 3, umbali huu, kiwango kisizidi 58." Kunja ukurasa. Farasi wa daraja hili hurudi ndani ya wiki mbili au tatu, na kadi mpya itatoka saa 48 kabla.